KUHAMA CHAMA SI TOBA



Msimu wa kuhama umefika. Mheshimiwa analala chama hiki, anaamka chama kipya cha "kupiga vita ufisadi", na sisi tunapiga takbiri! Takbiri ya nini, jamani?

Toba ina masharti. Uache dhambi, ujute, uazimie kutorudi. Na ikiwa ni haki ya watu, UIRUDISHE. Hilo la nne halitajwi jukwaani. Shamba la umma alilojikatia, amerudisha hati?

Tulishaona. Mwaka 2002 vigogo walitoka KANU miezi miwili hivi kabla ya kura, wakaingia NARC, Kenya nzima ikaimba. Kufika 2004 kashfa ya Anglo Leasing iko nje, mikataba ya pasipoti na kampuni hewa. John Githongo, aliyewekwa na serikali hiyo hiyo kupambana na rushwa, akaihama nchi 2005.

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka. Akarudi akisema hiki chenu, hiki nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza: angekaa nyumbani kwa mamake, angeletewa? Muulizeni mheshimiwa swali hilo akija barazani.

Sikatazi mtu kuhama, Katiba imempa haki. Lakini wewe unayemfuata, ukipokea mia mbili na fulana ya chama kipya, ni rushwa ile ile, na amelaaniwa mtoaji na mpokeaji. Usiniambie ni nauli. Kutoka kwako hadi uwanjani ni mwendo wa miguu.