Kofia ngumu hakuna: mtoto aendeshe baiskeli?

Mama, mtoto anaomba baiskeli na kofia ngumu hujanunua. Umnyime? Nchi zenyewe hazijakubaliana. Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza duniani kulazimisha kofia hizo, mwaka 1990. Majeraha ya kichwa yalipungua, lakini vijana waliopanda baiskeli nao walipungua sana. Uholanzi haikulazimisha, wengi huendesha kichwa wazi, ila wana njia zao kando ya magari. Barabara yako ina njia hiyo? Kama haina, usiige Uholanzi.

Hata hivyo, kukaa tu kuna madhara yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na baiskeli huimarisha moyo na misuli.

Kwa maoni yetu, asinyimwe. Akiwa bado hana kofia, aendeshe uwanjani, polepole, ukimwangalia, barabarani asubiri. Ukinunua, ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ufungwe chini ya kidevu. Ya pikipiki ya baba ni kubwa na nzito, haimfai. Ikishagongwa kwa nguvu, badilisha, hata kama ufa hauonekani.