Pombe si neno moja

Tunaandika kutoka Nakivale. Leo tunaongea juu ya vinywaji. Msikimbie, hatukuja kuhubiri, na pia hatukuja kusifia ulevi.

Hivi karibuni tulienda kwenye mkutano wa uhamasishaji chini ya mti. Mgeni alikuja na mabango mazuri. Akasema pombe ni mbaya, pombe inaharibu maisha, vijana acheni pombe. Tukapiga makofi, tukapewa soda, tukatawanyika. Jioni ile ile, nusu ya waliopiga makofi tuliwakuta kwenye vibanda vyao vya kila siku, chupa mkononi. Sisi tunaojitolea tukaulizana: sasa tumefanya nini pale? Mmoja wetu akajibu, "Yule mgeni anaongea pombe kama vile ni kitu kimoja. Hajawahi kuonja hata kimoja."

Neno lile lilitukaa kichwani. Kwani sisi wenyewe tunavijua vinywaji vyetu? Tunakunywa tu kile ambacho rafiki ameshika. Basi Jumamosi moja tukakaa watu saba, wote tumepita miaka 18, tukaonja vinywaji vya kambi kimoja kimoja na kuvilinganisha. Watatu kati yetu hawagusi kilevi: wawili wameokoka na mmoja ni Mwislamu. Hao walionja visivyolevya, na vingine wakavinusa tu. Ukweli ni kwamba pua zao zilishinda ndimi zetu. Tulikuwa na vikombe vidogo, maji ya kusukutua, na daftari moja. Tuliandika harufu, ladha, namna kinavyoshuka kooni, na mtu anavyoamka kesho yake.

Tulianza na chai ya ndugu zetu Wasomali. Ina iliki, mdalasini, tangawizi, sukari haihesabiwi. Wote saba tuliipa alama za juu. Inapasha kifua, halafu unaweza kukaa na kikombe kimoja saa nzima bila mtu kukufukuza. Baadaye kahawa ya Waethiopia. Ile si kinywaji tu, ni kikao. Mama anakaanga buni mbele yako, moshi unakufikia kwanza, ndipo anatwanga na kuchemsha. Anamimina raundi tatu, kila raundi na jina lake: abol, tona, baraka. Ya kwanza kali, ya tatu nyepesi kabisa. Mmoja wetu akasema, "Hawa watu wamefunga maongezi ndani ya birika." Huwezi kuondoka kabla ya baraka, kwa hiyo lazima muongee.

Cha tatu kilikuwa bushera ya wenyeji wetu wa huku Ankole. Mtama unaloweshwa mpaka uote, unakaushwa, unasagwa, unakorogwa na maji ya moto na kuachwa uchachuke. Ikiwa ya siku moja ni tamu yenye uchachu kidogo, nzito kama uji mwepesi, na watoto wanakunywa. Ukiiacha siku kadhaa inaanza kulevya. Kwetu hii ilikuwa somo la kwanza: kinywaji kile kile, chungu kile kile, jana ni chakula na keshokutwa ni pombe. Siku ndizo zinakibadilisha.

Hapo mwenzetu wa kutoka Katanga akaguna. Akatuambia juu ya munkoyo wa kwao: uji wa mahindi unatiwa mizizi iliyopondwa, mizizi inaulainisha uji na kuutia utamu bila sukari. Hapa hatujauona ukiuzwa. Alionja bushera tena, akafumba macho, akasema, "Inakaribia. Lakini haifiki." Hatukuandika alama. Tuliandika tu jina la mama yake, yule aliyekuwa anaupika.

Kisha kasiksi. Wakongomani wa Kivu mnaijua, na Warundi na Wanyarwanda mna jina lenu kwa ndugu yake wa damu, urwarwa au urwagwa. Waganda wanasema tonto. Isingiro hii ni nchi ya ndizi, malighafi haikosekani. Ndizi za pombe zinaivishwa, zinakamuliwa pamoja na majani makavu mpaka maji matamu yatoke. Hayo maji peke yake ni mutobe, na mutobe baridi ndio uliopata alama nyingi kuliko vyote siku ile. Ukitia unga wa mtama uliokaangwa na kufunika, usiku mmoja au mbili, inakuwa kasiksi. Tulionja mbili kutoka nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa na harufu ya moshi na ndizi mbivu, inashuka laini. Ya pili ilikuwa imezeeka, chachu mpaka mashavu yanajikunja. Tofauti yao ilikuwa siku mbili tu.

Mwisho mezani kulikuwa na kachupa ka kanyanga, waragi ya kienyeji. Ni kile kile cha ndizi, ila kimepikwa na mvuke wake ukakusanywa. Kasiksi nguvu yake haiko mbali sana na bia ya chupa. Waragi ya kiwandani inaandikwa asilimia 40, na hii ya kwenye kachupa hakuna anayejua ni ngapi. Tuliinusa. Hatukuionja, na tutawaambia sababu.

Tulikuwa na mwenzetu, golikipa wetu. Jina lake hatulitaji kwa sababu mama yake anasoma hapa. Alianza na kasiksi pamoja na wazee, kikombe kwa maongezi, kama wengi wetu. Hakuna aliyemwona amelewa. Baadaye akahamia kwenye kachupa, kwa sababu kachupa kanafika haraka na hakahitaji maongezi. Ndani ya mwaka mmoja aliuza magodoro ya nyumbani. Siku moja tulimbeba mpaka kituo cha afya, hasikii, hajui sisi ni nani. Alipona, lakini golini hajarudi, na sisi hatujui tena tuongee naye nini. Yeye alipata bahati. Mwaka 2010, hapa hapa kusini-magharibi mwa Uganda, Kabale na kwingineko, makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyokuwa na methanoli. Sumu hiyo huwezi kuitambua kwa ladha wala harufu, na wasioua inaweza kuwapofusha. Kwa hiyo ulimi, hata ukiwa hodari namna gani, hapo hauna kazi.

Sasa, mgeni wa mabango angesema, basi mmemaliza wenyewe, pombe ni mbaya. Sisi tunasema hapana, ngojeni kwanza. Tulirudi kwa mama aliyetuuzia ile kasiksi nzuri tukamuuliza kwa nini anapika na kanyanga pia. Ni mama wa kuheshimiwa, anasomesha watoto wanne. Alituambia hivi:

"Banangu, kasiksi haingojeake muntu. Siku ya tatu imeshakuwa kali, wateja banaikataa. Nitaimwanga? Njo maana naiweka ku moto, natosha kanyanga. Ile haiozake."

Tukamuuliza na viongozi wakija kukamata?

"Kasiksi iko mu mutungi mukubwa, bataiona tu, batamwanga yote. Kanyanga naingiza mu kachupa, nakakalia."

Tulicheka wote, yeye pia. Lakini njiani kurudi hatukucheka. Mama yule ametufundisha kitu ambacho mabango hayasemi. Tunapoweka vyote kapu moja na kumwaga vyote, kinachopona ni kile kilicho kidogo, kikali na rahisi kuficha. Kile laini, kinachonywewa hadharani mbele ya wazee na chenye chakula ndani yake, ndicho kinachomwagwa kwanza. Tunapigana na pombe, halafu tunaisaidia ile mbaya kushinda.

Tunajua mtapinga. Kuna wazee wameharibikia kwenye kasiksi, kweli. Kuna nyumba mtama wa mgao unaishia kwenye mtungi wakati watoto wanalala njaa, na tangu mgao uanze kutolewa kwa makundi mwaka 2023 jambo hilo linauma zaidi. Kuna wanawake wanapigwa na mtu aliyetoka kunywa, na haijalishi alikunywa nini. Hayo hatuyafichi. Aliyeacha kabisa tunamheshimu, na asichekwe na mtu. Tunachosema ni kwamba mtu hawezi kumshauri kijana juu ya kitu asichokipambanua. Kijana akisikia unaweka kikombe cha babu yake na kachupa kilichomwangusha golikipa kwenye sentensi moja, anajua hujui, na anaacha kukusikiliza hata unaposema la kweli.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: kwenye mikutano, tenganisheni. Semeni wazi kwamba kilichopikwa kwa mvuke bila mtu kujua kimetoka wapi ni hatari ya kifo, halafu ongeeni juu ya vingine kwa namna yake. Waiteni wamama wapishi wakae nanyi mezani. Wao ndio wanajua nani anakunywa, kiasi gani, na tangu lini. Na kama mnatafuta miradi midogo, mutobe, bushera mbichi, chai na kahawa vinauzika. Mama akiuza mutobe wake wote asubuhi, jioni hana cha kupeleka motoni.

Kwa viongozi wa vijiji: kabla ya kumwaga, ulizeni kilicho ndani ni nini na mama atalisha nini kesho.

Kwa sisi vijana: tuwe na ulimi. Mtu mwenye ulimi anauliza, hii ni ya leo ama ya jana? Nani kaipika? Ina nini ndani? Anayeuliza hivyo hanywi kila kinachopita. Na tukiri jambo moja: wengi wetu hatuendi kwenye kibanda kwa ajili ya chupa. Tunaenda kwa sababu pale kuna benchi, kuna taa, na kuna mtu atakayekuita kwa jina lako. Siku ile ya kuonja, tulikaa kwenye kahawa mpaka raundi ya tatu, na hakuna aliyekumbuka kuondoka.

Jumamosi ijayo tunarudi pale pale. Tumemwalika golikipa. Hajajibu bado. Tumemwambia tu kwamba kahawa ina raundi tatu, na tutamngojea mpaka baraka.