Zumu haina ladha, ina hesabu

Kuna sentensi moja imenichosha. Wakutane watu watatu wanaorusha ndege kwenye kompyuta zao nyumbani, mmoja aulize zumu ya chumba cha rubani iwekwe wapi, basi lazima mwenzake atajibu: "Hiyo kila mtu na macho yake bwana, weka unavyopenda." Wote wanaitikia. Mada imekufa. Wanahamia kwenye mambo wanayoyaona mazito: kadi ya picha ina kumbukumbu kiasi gani, mawingu yanang'aa vipi, mandhari ya Zanzibar iliyotoka juzi ni ya kulipia au ya bure.

Mimi leo nabisha, tena kwa sauti. Rangi ya ndege ni suala la kupenda. Kurusha Cessna au Boeing ni suala la kupenda. Zumu ni kipimo, kama namba ya kiatu. Unaweza kuvaa namba 44 wakati mguu wako ni 40, hakuna polisi atakayekukamata, ila usije ukatulalamikia kwamba barabara ina mashimo.

Chukua rula. Skrini ya inchi 24, hizi pana za siku hizi, ina upana wa sentimita 53 hivi. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini hiyo, jicho lako linaiona kama dirisha lenye upana wa digrii 48. Laptopu ya inchi 15.6 ina sentimita 34 na nusu. Kwa umbali ule ule unapata digrii 32 tu. Hesabu yenyewe ni ya sekondari: gawanya nusu ya upana kwa umbali, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo, zidisha mara mbili. Haina chama wala dini.

Sasa wewe mwenye dirisha la digrii 48 umeiambia programu ikuchoree dunia ya digrii 90, eti ili uone dashibodi yote na madirisha ya pembeni. Programu itafanya, haibishani na mtu. Lakini digrii 90 haziingii kwenye 48 bila kubanwa, na hapo katikati ya skrini, mahali unapoangalia wakati wa kutua, kila kitu kimepunguzwa zaidi ya mara mbili. Njia ya kurukia yenye upana wa mita 45 unaiona kama ya mita 20. Kilicho kilomita moja mbele yako unakiona kama kiko kilomita mbili na zaidi. Pembeni mambo ni kinyume, vitu vinavutwa, ndiyo maana vile vipimo vya duara vilivyo ukingoni mwa skrini vinaonekana kama mayai. Ukiona mayai kwenye dashibodi, ujue hesabu imekataa.

Marubani wa kweli hufundishwa kuhusu njia nyembamba za kurukia. Inaelezwa wazi kabisa: njia nyembamba humdanganya rubani ajione yuko juu kuliko alivyo, akashuka chini mno na kuchelewa kuinua pua. Wanafundishwa hivyo kwa sababu siku moja moja watakutana na uwanja wa namna hiyo. Wewe umejitengenezea njia nyembamba kwenye kila uwanja duniani, kuanzia Dar mpaka Heathrow! Halafu magurudumu yakipiga chini kama gunia la mahindi limedondoka kutoka kwenye lori, unalaumu joistiki. Unauza joistiki, unanunua nyingine. Unasema ndege imetengenezwa vibaya. Nimeshasikia hadi mtu anaulaumu upepo…

Kazi yangu mimi ni habari, na kwenye habari jambo hili tunalijua. Mkutano wa hadhara mmoja, mpiga picha akitumia lenzi ndefu watu wanaonekana wamebanana kama dagaa, akitumia lenzi pana uwanja ule ule unaonekana nusu mtupu. Picha zote mbili zimepigwa kweli. Kesho yake moja inaleta ugomvi chumba cha habari, na hakuna mhariri atakayethubutu kusema lenzi ni suala la ladha.

Na huko kwenye ndege zenyewe ladha haina nafasi kabisa. Kwenye ndege za Airbus, kwenye nguzo ya katikati ya vioo vya mbele, kuna vidude vidogo kama shanga, vyekundu na cheupe. Rubani anasogeza kiti juu, chini, mbele, nyuma, mpaka chekundu kifunike cheupe. Hapo ndipo jicho lake liko mahali ambapo waliochora ndege walitaka liwe. Akikaa chini zaidi, pua ya ndege inamficha kipande cha ardhi anachokihitaji wakati wa kutua kwenye ukungu. Mtu mwenye saa elfu kumi angani anakubali kupangwa na shanga, wewe mwenye kiti cha plastiki unaniambia kila mtu na macho yake.

Mtaniambia, mbona simuleta za mashirika ya ndege zinaonyesha dunia pana? Ni kweli. Zile za daraja la juu kabisa, zinazoitwa Level D, kwa kanuni za Marekani lazima zionyeshe digrii zisizopungua 176 kwa upana na 36 kwa kimo. Ila ulizeni wanaupataje huo upana. Wanaupata kwa kioo kikubwa kilichopinda kinachomzunguka rubani, digrii moja ya dunia inabaki digrii moja machoni. Hakuna aliyebana digrii 176 kwenye televisheni.

Kero nyingine ni hii ya kuazimana miwani. Mtu anauliza zumu, anajibiwa "weka 50". Hamsini ya nini? Kwenye X-Plane mpangilio huo uko kwa digrii, ukiongeza namba picha inapanuka. Kwenye FlightGear pia ni digrii. Kwenye Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ni kipimo cha kusukuma, namba ikipanda picha inasogea karibu, na hakuna digrii yoyote iliyoandikwa pale. Kwenye ile FSX ya mwaka 2006, ambayo bado ina wapenzi wake, ni 0.70 au 1.00, na ukibadilisha mstari wa WideViewAspect kwenye faili lake la mipangilio, namba ile ile inakupa picha nyingine. Anayekutajia namba bila kukuuliza skrini yako ina inchi ngapi na unakaa umbali gani anakupa miwani ya babu yake.

Wasiojua digrii zao wafanye hivi. Weka ndege KIA, hali ya hewa safi, itazame Kilimanjaro. Macho ya rubani yaelekee mbele moja kwa moja. Igeuze ndege taratibu mpaka kilele kiguse ukingo wa kushoto wa skrini, soma dira. Endelea kuigeuza kushoto mpaka kilele kiguse ukingo wa kulia, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo pembe yako. Dakika tano, haina gharama.

Haya, upande wa pili nao una hoja moja ya maana na siwezi kuikwepa. Ukifuata rula kwenye laptopu unabaki na digrii 32, yaani unachungulia dunia kupitia tundu la ufunguo. Nusu ya vipimo huvioni. Na kuna viwanja vinavyokuadhibu. Chukua Kai Tak ya Hong Kong, ambayo ilifungwa mwaka 1998 lakini kwenye kompyuta zetu haijafungwa mpaka leo. Ukiingilia njia ya 13 unaufuata ule mlima wenye ubao wa miraba myeupe na miekundu, halafu unakata kulia digrii 47 ukiwa chini sana, magorofa yako hapo. Njia ya kurukia inakuwa kulia kwako, nje kabisa ya dirisha la digrii 48. Mwenye picha pana anaiona. Mwenye picha ya rula haioni mpaka amekaribia kumaliza kona.

Lakini rubani wa kweli pale alifanya nini? Aligeuza shingo. Dawa ya kutoona pembeni ni kuangalia pembeni. Kwenye joistiki nyingi kuna kile kitufe cha juu cha kugeuza macho. Kuna vifaa kama TrackIR vinavyofuata kichwa chako. Na kwa asiye na hela ya hayo, kuna mitazamo ya kuhifadhi, ambayo watu hawaigusi kabisa: kwenye Microsoft Flight Simulator unabonyeza Ctrl, Alt na namba kuhifadhi, kisha Alt na namba hiyo kuuita. Hifadhi mmoja mpana kwa ajili ya kuwasha injini na kuhangaika na swichi, huko sikugombezi hata ukiweka digrii 100, maana swichi haitui. Hifadhi wa kuangalia kulia na wa kushoto. Na hifadhi mmoja wa kutua, ulio karibu na hesabu ya rula kadiri utakavyovumilia. Mwenye laptopu akisogea hadi digrii 45 simlaumu, mradi akae hapo hapo kila siku ubongo uzoee. Asiyetibika ni yule anayetua leo kwa zumu hii, kesho kwa ile, na katikati ya kushuka kidole bado kiko kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza.

Kwa nini nakomaa na jambo dogo hivi? Kwa sababu kwa vijana wengi ninaowafahamu hiki si kitu cha kuchezea. Ada ya shule ya urubani hawaioni hata ndotoni, saa moja ya Cessna inameza mshahara. Hicho kioo ndicho chumba cha rubani pekee walichonacho. Wakufunzi wana lalamiko la siku nyingi: mwanafunzi aliyetoka kwenye simuleta ya nyumbani anakodolea vipimo badala ya kuangalia nje. Atazoeaje kuangalia nje wakati nje aliyokuwa nayo imefinywa ikawa haina msaada? Kijana amejitahidi miaka mitatu peke yake usiku usiku, na sisi wakubwa wake tumemjibu "weka unavyopenda".

Usiku wa leo nenda Zanzibar, njia ya 36, upepo sufuri. Tua mara tano kwa zumu yako ya siku zote, kisha mara tano kwa pembe ya rula, uandike kila mara magurudumu yamegusa kwa futi ngapi kwa dakika. Halafu uje uniambie kama hiyo joistiki bado unaiuza, maana nina mnunuzi.