Mizabibu Iliyokuwa Ngao ya Moto

Mvinyo kwetu ni haramu, nami sijauonja. Lakini habari za mkulima wake sioni ubaya kuzisikiliza. Huko Corbières, kusini mwa Ufaransa, mvinyo mwekundu ni wa kuchanganya. Zabibu za Grenache huutia ukali na utamu, za Syrah rangi, na za Carignan, mzabibu mkongwe unaostahimili kiangazi, huutia uchachu. Wanywaji wake husema hunukia majani ya vichaka vya vilima vile.

Siku hizi Wafaransa wamepunguza sana kuunywa, na mvua nayo imekuwa haba. Basi mwaka 2024 serikali ikaahidi yuro 4,000 kwa kila hekta ya mizabibu itakayong'olewa. Shamba lisilolimwa, sote twajua, halikawii kuwa kichaka. Agosti 2025 moto ukazuka Ribaute, ukapita katika eneo la hekta 16,000 hivi, na mama mmoja akafia nyumbani mwake. François Bayrou, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipofika alikiri kwamba penye mizabibu moto ulizuilika kwa sehemu kubwa. Chini yake hulimwa. Hapana nyasi kavu za kushika. Na zabibu zilizosalimika nazo zilipigwa na moshi, ambao huweza kuufanya mvinyo unuke jivu.

Novemba mwaka uo huo, serikali ikatangaza yuro milioni 130 nyingine za kung'olea mizabibu.