Fimbo Ndefu Haipiti Mianzini

Leo nakuomba tuketi kidogo Mwembe Tayari, mahali ambapo kwa miaka mingi watu wa Mombasa walikwenda kutafuta basi la bara.

Juzi jioni nilikuwa hapo nikinywa kahawa chungu, kijana mmoja akanijia na mfuko mrefu wa kitambaa. Akaniamkia kwa adabu, kisha akaufungua. Ndani mlikuwa na fimbo ya kuvulia samaki, futi tisa, ncha yake imekatika. Kijana huyo anasoma Nyeri. Babake ni mstaafu wa bandarini, na tangu utotoni amevua kwa mshipi wa mkono kwenye mikoko ya Tudor. Wawili hao hawajaelewana vizuri tangu kijana alipokataa kazi ya bandarini akachagua masomo. Basi akaweka akiba miezi mingi, ampeleke mzee akavue trauti katika mto Gura, labda watapatana.

Safari ikaharibika. Kila aliporusha, mshipi ulinaswa na matawi. Mwisho akauvuta kwa hasira na ncha ikavunjika. Mzee hakusema neno mpaka wakafika Mombasa. "Nataka kununua nyingine," kijana akaniambia, "lakini pesa nilizo nazo ni za mara moja tu. Nikikosea tena, mzee hatatoka nyumbani."

Nilimwahidi kumjibu hapa, maana huenda nawe una swali kama hilo.

Kwanza umjue samaki mwenyewe. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na samaki wakatiwa katika mto huo huo wa Gura unaoteremka milima ya Nyandarua. Yeye hupenda maji baridi yaendayo kasi. Huvuliwa kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu.

Hapo ndipo penye siri. Kwa mshipi wa Tudor, chubwi ndiyo inayobeba ndoana. Nzi wa bandia hana uzito wowote. Kinachombeba ni uzito wa mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na fimbo huupinda na kuutupa. Lakini kabla ya kwenda mbele, mshipi hurudi nyuma kwanza. Ukiwa na futi ishirini mbele yako, jua unahitaji karibu futi ishirini nyuma yako. Kwenye ziwa wazi hilo si neno. Kwenye kijito kilichofunikwa na mianzi, utavua majani mchana kutwa.

Kwa hiyo, ukichagua fimbo ya mahali palipobana, tazama mambo manne.

La kwanza ni urefu. Futi tisa ni za maji mapana. Kwa kijito, chukua baina ya futi sita na nusu na saba na nusu. Usiende fupi zaidi bila sababu, kwa kuwa fimbo fupi mno hushindwa kuinua mshipi juu ya mkondo wa maji.

La pili ni namba. Juu ya kishikio utaona namba imeandikwa. Namba 3 au 4 yatosha kwa trauti wa kijito, na mshipi uwe wa namba iyo hiyo. Ukichanganya ovyo, hata fimbo ya bei kubwa haitarusha.

La tatu ni ulaini. Kijitoni mshipi unaotoka ni mfupi, uzito wake ni mdogo. Fimbo ngumu haitapinda. Itakuwa kama ufagio mkononi. Fimbo za nyuzi za kioo hupinda upesi kuliko nyingi za kaboni, na mara nyingi hufaa zaidi hapo.

La nne ni vipande. Fimbo ya futi saba yenye vipande vinne huingia katika begi la kawaida. Nunua kipande cha bomba la plastiki kwa wauza vifaa vya ujenzi, uzibe ncha zote mbili, na hutaogopa mlango wa gari wala mizigo ya abiria wenzako.

Ukishanunua, usikimbilie mtoni. Funga kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoana, usimame chini ya mwembe wowote, ujizoeze. Mshipi ukipita chini ya matawi ya mwembe, utapita na chini ya mianzi. Mtoni, pale maji yanaporuhusu, simama ndani ya maji ukitazama juu ya mto, ili mshipi urudi nyuma kwa njia ile ile ya maji. Na pasipo nafasi kabisa, shika ndoana taratibu kwa nyuma, mbali na ncha yake, vuta mpaka fimbo ipinde kama upinde, kisha uachie. Ulizia mapema kibali cha uvuvi, na ada ya mbuga ikiwa utaingia mbugani.

Hayo ni ya fimbo. Lakini nilimuuliza kijana jambo moja zaidi: "Siku ile, mzee aliishika fimbo?" Akatazama chini. Hakuishika hata mara moja. Kijana alitaka kwanza apate samaki, amwonyeshe.

Msomaji wangu, wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mzee huyu ana miaka zaidi ya hamsini ya kuhisi samaki kwa kidole kimoja gizani. Mkono kama huo haufundishwi chuoni, na ndio unaofaa fimbo fupi na mshipi mfupi. Usimnunulie zawadi kwa siri, kijana. Mwambie, "Baba, nilikosea, njoo unisaidie kuchagua." Nenda naye dukani, mpe aipime mkononi mwake, aipinde, aikatae akitaka. Mkifika Gura, mwache arushe yeye kwanza, nawe usimame nyuma umwondolee matawi.

Hata kama hamtapata samaki, safari hiyo hamtarudi kimya.