Gari ya juu, barabara hakuna: tunaozimiliki tuseme ukweli



Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinifuata akaniambia, "Kaka, nimejikusanya nimefikisha milioni kumi na tano. Nataka gari ya juu, hata ya mkononi. Nichukue RAV4 au Escudo?" Sikumjibu pale pale. Nilimwambia anipe siku mbili, maana swali lenyewe linaonekana la fundi lakini ndani yake kuna mambo ya kodi, mafuta, viwanja na serikali. Na kuna aibu yangu binafsi ambayo sijawahi kuisema hadharani. Leo naisema.

Kwanza tuulizane, kwa nini kila mtu Dar anataka gari ya juu? Wengi watajibu ni sifa. Sifa zipo, sikatai. Ukishuka kwenye X-Trail kwenye harusi, wanaokuangalia wanaongezeka. Lakini mimi naona sababu kubwa ni udongo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Yaani miaka kumi, watu milioni moja zaidi. Hao hawakuingia Sinza wala Magomeni, kule kulishajaa. Wameenda Goba, Madale, Makabe, Chanika, Kigamboni ndani ndani, mahali ambapo kiwanja kilikuwa bado kinanunulika. Lami kubwa ikakufikia, sawa, ila ukiiacha tu ukaingia kwako unakutana na makorongo, mchanga na madimbwi. Ukienda na kigari cha chini, sampo inagonga jiwe wiki ya kwanza. Kwa hiyo mtu anajenga nyumba, halafu anagundua kwamba nyumba yake inadai gari ya juu.

Hapo ndipo hizi gari ndogo za juu zinapoingia. Toyota walitoa RAV4 mwaka 1994, na kwa ufupi walichofanya ni kuchukua umbo la gari la kawaida la mjini, wakalinyanyua na kulipa uwezo wa kuvuta kwa tairi zote nne. Suzuki Escudo ni ya zamani zaidi, ya 1988, na zile za mwanzo ni kitu kingine kabisa: zina chasisi ya chuma chini kama lori dogo, na ukichagua ya 4WD ina ile gia nzito ya kupandia mlima. Ndiyo maana Escudo ya zamani inakurusha rusha kwenye lami lakini kwenye tope inacheka. CR-V ilifuata 1995, Forester 1997, X-Trail mwaka 2000. Japan walizitumia, wakazichoka, sisi tukazipokea na usukani wake kulia kulia vile vile.

Sasa twende kwenye hela, maana hapa ndipo vijana wengi mnadanganyika. Unaingia kwenye mtandao unaona gari ya Japan bei imeandikwa kwa dola, unazidisha, unasema "mbona naweza!" Subiri. Tuchukue mfano rahisi, gari ambayo mpaka inafika bandarini thamani yake ni shilingi milioni 10, ina umri zaidi ya miaka kumi, injini haizidi cc 2,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini asilimia 5, inayopigwa juu ya jumla ya thamani na ushuru wa forodha, ni 625,000. Halafu kuna ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari iliyozidi miaka kumi: 3,750,000. Juu ya vyote hivyo VAT asilimia 18: 3,037,500. Jumlisha. Ni 9,912,500, na hapo sijaweka tozo nyingine ndogondogo wala gharama za bandari. Gari ya milioni kumi, kodi milioni kumi. Na usijidai umenunua kwa bei ya kutupa, TRA wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, wanaangalia mle.

Gari hiyo hiyo ingekuwa na umri chini ya miaka minane, ule ushuru wa uchakavu usingekuwepo, na kodi ingeshuka mpaka 5,487,500. Tatizo, gari ya chini ya miaka minane haiuzwi milioni kumi! Wenzetu Kenya wameamua moja kwa moja, gari iliyozidi miaka minane haingii. Sisi tumeruhusu iingie ila tunaitoza. Nia ni njema, gari chakavu linachafua hewa na linaharibika njiani. Lakini matokeo yake mimi nayaona kila siku: kwa kuwa kuagiza ni ghali, zilizopo hazifi. Namba A na namba B bado zinadunda barabarani, zimepita mikono sita, saba, na kila mkono umeacha ufundi wake. Huyo kijana na milioni zake kumi na tano anaenda kuwa mkono wa nane.

Ukishaipata, kuishi nayo ni habari nyingine. Nimeongea na wenzangu watatu wenye gari za aina hii, nikajumlisha na yangu. Kampuni ya gari yangu sitaitaja, kwa sababu makosa mtakayoyasikia si ya aliyeitengeneza.

Wote wanne tunalia na mafuta. Mimi nakaa Goba, nafanya kazi mjini. Foleni ikiwa ya kawaida napata kilomita saba mpaka nane kwa lita, nikisafiri mkoani inafika kumi na moja. Kwa mwezi natumia kama lita 150. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitoa bei mpya, nyumbani kwangu inasomwa kama matokeo ya mtihani. Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, nilianza kuiacha gari Mbezi na kupanda mwendokasi. Kwa hesabu rahisi ya 3,000 kwa lita, ni 450,000 kwa mwezi. Kuna watu wanalipwa mshahara chini ya hapo na wanalea familia.

Pili ni miguu. Bushi, boljointi, shokapu, stabilaiza. Gari zinaitwa za juu lakini nyingi miguu yake ni ya gari la mjini, haikuundwa kupigwa na korongo asubuhi na jioni miaka kumi na tano. Ukienda Gerezani au Ilala unapata spea, mpya za bei nafuu na zilizotumika kutoka Japan. Wote wanne tumejifunza kitu kimoja: bushi mpya ya bei ya chini inakaa miezi mitatu, iliyotumika lakini ya asili inaweza kukaa mwaka.

Tatu ni utaalamu. Chukua RAV4 za kuanzia 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japan. Nyingi zina injini ya 1AZ-FSE, wenyewe wanaita D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ni injini ya akili, inataka petroli safi. Sasa kumbukeni zilipokuwa zinaingia kwa wingi hapa Bongo ndio enzi za kuchakachua, petroli inachanganywa na mafuta ya taa. Vinasaba vilianza kuwekwa kwenye mafuta 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Au chukua X-Trail za kuanzia 2007, nyingi zina gia boksi ya CVT, isiyo na gia za kawaida ila mkanda wa chuma, nayo inataka mafuta yake maalumu. Fundi wa chini ya mwembe akikuwekea mafuta ya gia ya kawaida, hujui, yeye hajui, gia boksi ndiyo inajua. Halafu mtaani tunasema "gari hizi mbovu". Gari si mbovu, ila mwongozo wake wa matumizi umeandikwa Kijapani.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nilinunua 2019 kwa mkopo wa SACCOS ya kazini, kwenye yadi ambayo sitaitaja. Gari ya juu, rangi ya fedha, nyuma ina kibandiko kikubwa kimeandikwa 4WD. Niliangalia rangi, nikasikiliza injini, nikakaa kwenye kiti nikajiona mtu. Miaka mitano nikawaambia watu yangu inavuta nne. Mtaa mzima ulijua: shida ikitokea usiku wa mvua, nendeni kwa yule mwenye gari ya juu.

Masika ya 2024 mnayakumbuka. Usiku mmoja wa Aprili, saa nane, jirani akagonga. Mwanae ana pumu, amebanwa, dawa ya kuvuta imeisha. Tukatoka mbio, mama na mtoto nyuma, mimi na baba yake mbele. Hatukufika mita mia tatu. Kwenye kile kimlima cha kutokea kwenye lami, tairi za mbele zikaanza kuzunguka papo kwa papo, gari inarudi nyuma taratibu kuelekea mtaroni. Nikakanyaga mafuta, ikazama zaidi. Baba mtoto akashuka kusukuma, nikashuka na mimi, na hapo kwa mwanga wa simu nikaona tairi za nyuma: zimetulia tuli, safi, hazina hata habari na tunachokifanya.

Mtoto alichukuliwa na bodaboda. Kijana wa kijiweni alipita njia ya pembeni anayoijua yeye, mama kampakata mtoto katikati chini ya koti la mvua, wakafika. Mtoto ni mzima, sasa hivi yuko shule ya msingi, ananisalimia kila asubuhi kwa heshima zote. Mimi ndiye ninayeangalia pembeni.

Wiki ile nikampeleka fundi chini ya gari. Alichungulia sekunde kumi. "Kaka, hii haina propela wala difu ya nyuma. Ni tairi mbili hii, za nyuma zinafuata tu." Kibandiko kilibandikwa na mtu. Na mimi katika mkopo wote ule sikuwahi kuinama.

Gari nyingi za aina hii zilitoka kiwandani zikiwa za aina mbili, 4WD na 2WD, na kwa nje zinafanana. Hata RAV4 ya 2000 ilikuwepo ya cc 1,800 inayovuta mbele tu. Si udanganyifu wa kiwanda, Mjapani anayeishi kwenye lami hakuhitaji zaidi. Anayehitaji ni mimi wa Goba.

Na hapa ndipo ninapotaka tujadili. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, ikahamishia kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita. Wengi tulishangilia, na kweli ni haki kwa anayetembea kidogo. Mwaka huo huo TARURA ikaanzishwa kushughulikia barabara za mijini na vijijini. Bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara hizo hizo. Chukua lita zangu 1,800 kwa mwaka: hiyo mia moja peke yake ni 180,000, na ile arobaini ni 72,000. Silalamiki kulipa. Barabara hazijengwi kwa maneno, na kuna mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke iliyopata lami na mitaro kupitia mradi wa DMDP, wanaokaa huko wanaendesha vigari vya chini raha mustarehe.

Ila tuhesabu kitu kizima. Mtaani kwetu tuko kaya kama arobaini zenye gari za juu. Kila mmoja ameongeza milioni kadhaa kupata gari ya juu badala ya gari dogo, anaongeza mafuta kila mwezi, anabadilisha bushi kila msimu. Hizo zote ni hela za barabara, tumezilipa kila mtu kivyake, na barabara yenyewe haipo. Tungekaa tukachangishana nusu yake, kile kimlima tungekimwagia kifusi na kukiwekea kalavati. Baada ya usiku ule tulijaribu. Wenye bodaboda walichanga siku ya kwanza. Sisi wenye gari za juu tulisema tutaangalia mwisho wa mwezi. Kifusi tulikuja kumwaga Oktoba, lori nne tu, kalavati bado.

Kijana nilimjibu hivi. Kama unakokaa kuna lami, nunua gari dogo, hiyo hela nyingine maliza msingi wa nyumba. Kama ni lazima gari ya juu, nenda na fundi wako, si wa muuzaji, uiname chini uione propela kwa macho yako. Usimalize hela yote kwenye kununua, bakiza angalau milioni mbili za miezi sita ya kwanza. Na ukishaipata, jua mtaa utakutegemea, kwa hiyo ujue kweli inaweza nini. Akaniuliza, "Sasa kaka, yako unauza?" Nikacheka. Bado namaliza mkopo wa pili, ule wa kutengenezea miguu.

Wadau wenye hizi gari, semeni ukweli: yako inavuta ngapi, umeinama ukaangalia? Na mtaani kwenu barabara mmeitengenezaje?

Nawasilisha.