Msitu wa Umma na Kamba ya Mbwa
Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti Karura, Nairobi, kupinga msitu huo kugawiwa wajenzi binafsi. Leo waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye mbwa wanatumia njia zake. Kanuni inataka mbwa afungwe kamba. Wapo wanaomfungua mara tu walivukapo lango. Mbwa akikatiza ghafla mbele ya gurudumu, huumia yeye na mwendeshaji pia. Hata hivyo, mwendeshaji anayeingia kwenye kona kwa kasi naye ana lawama yake. Mali ya umma hudumu pale kila mtumiaji anapokubali kupunguza kidogo uhuru wake. Msitu uliookolewa mikononi mwa wanyakuzi usigeuke uwanja wa kunyang'anyana njia.